Risala ya Klabu ya Wanafunzi wa Uhandisi wa Ndege kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Maabara

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Chuo, wahadhiri wetu, wanafunzi wenzetu, mabibi na mabwana,

Awali ya yote tunakushukuru kwa kuitikia mwaliko wetu. Tunajua ratiba yako imebana, kwa hiyo salamu tunazifupisha ili tuingie moja kwa moja kwenye mirija miwili iliyo mezani mbele yako, mifano ya vifaa vya kumkinga abiria helikopta inapoanguka.

Yote imetengenezwa kwa nyuzi za kaboni na rezini, yaani gundi inayozishikanisha, kipimo kimoja, uzito mmoja. Tofauti ni ukingo wa juu: mmoja umekatwa bapa, mwingine umechongwa mshazari. Uliokatwa bapa ulipobanwa na mashine ulikaza, ukakaza, kisha ukapasuka ghafla katikati. Uliochongwa ulianza kusagika pale kwenye ncha, tabaka zikabanduka na nyuzi kukatika kidogo kidogo kuelekea chini, huku nguvu ikibaki karibu ileile. Huo wa pili ndio kifyonza nishati, yaani kinachomeza nguvu ya mgongano polepole. Wa kwanza ni takataka ya bei ghali.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, helikopta haina boneti mbele yake kama gari. Ikianguka, kinachomtenganisha abiria na ardhi ni miguu ya kutua, nafasi ndogo chini ya sakafu, na kiti. Ikigonga ardhi kwa kasi ya wima ya mita 7.6 kwa sekunde na sakafu kusimama ndani ya sentimita 10, mpunguo wa kasi ni wastani wa g 30, yaani mara 30 ya mvutano wa dunia, na yote yamekwisha kwa takriban milisekunde 26. Sakafu ikipewa sentimita 20, g zinashuka hadi 15. Uti wa mgongo unaijua sana tofauti hiyo.

Kaboni peke yake hufyonza vizuri lakini huvunjika vipande. Nyuzi za Kevlar, nyuzi za plastiki zilizo ngumu sana kukatika, hushikilia vipande visitawanyike. Ndiyo maana watafiti huzichanganya. Katika kituo cha NASA cha Langley, Virginia, kwenye mtambo uliojengwa miaka ya 1960 ili wanaanga wa Apollo wajifunze kutua mwezini, helikopta ndogo ya MD-500 ilidondoshwa Desemba 2009 ikiwa na mto wa Kevlar wenye muundo wa sega la nyuki tumboni. Ilisalimika kiasi cha kudondoshwa tena mwaka 2010, safari hii bila mto, na hapo ikaumia vibaya. Mwaka 2014 ikafuata CH-46, helikopta kubwa ya usafirishaji, iliyowekewa chini ya sakafu mihimili ya kompositi (nyuzi zilizoshikanishwa kwa rezini), ikaangushwa kwenye udongo. Udongo ni mtihani mwingine kabisa: huikamata helikopta inayosonga mbele, na mhimili uliosagika vizuri wima maabara unaweza kusukumwa ubavu.

Sasa tufike kwenye linalotusumbua. Lipo wazo la kuufunga mnara wetu wa kudondoshea uzito juu ya mirija na kununua kompyuta badala yake. Kompyuta tunazipenda, usiku tunalala nazo. Lakini modeli ya kompyuta ya kompositi ina vigezo vya kuvunjika ambavyo havisomwi kwenye jaribio dogo la kuvuta kipande cha nyenzo. Hurekebishwa hadi mchoro wa nguvu uliotolewa na kompyuta ufanane na wa jaribio. Ukishaujua mchoro wa jaribio, kufananisha si kazi. Kwa hiyo klabu yetu ina sharti: utabiri unaandikwa na kusainiwa kabla uzito haujaachiwa. Bila mnara, sharti hilo halina maana.

Tunaomba basi, kwa heshima zote, mnara ubaki, na tusaidiwe kupata kamera ya kasi. Vipima mchapuko, yaani vifaa vya kupima mabadiliko ya kasi, vinatuambia ni kiasi gani; havituonyeshi wapi mpasuko ulianzia.

Tukimaliza hapa, tunakualika uvute wewe mwenyewe kamba ya kuachia uzito kwenye mrija mpya. Bahasha ya utabiri wetu anayo Mkuu wa Chuo, imefungwa.

Naomba kuwasilisha.

Katibu wa Klabu, kwa niaba ya wanachama