Saratani ya figo ikifika mifupani, mgonjwa aambiwe mwenyewe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme kidogo kuhusu namna majibu ya saratani yanavyotolewa, hasa pale ugonjwa unapokuwa umeshasambaa.

Marehemu shemeji yangu alikuwa mkulima wa michikichi. Paja lilimuuma muda mrefu, akatibiwa baridi yabisi. Damu kwenye mkojo ilishaonekana kabla ya hapo, ila huku kwetu damu kwenye mkojo ni kichocho, akapewa dawa za kichocho, yakaisha. Picha ilipopigwa, mfupa wa paja kwa juu ulikuwa umeliwa kama hindi lililobunguliwa. Chanzo kilikuwa figo. Daktari aliwaita pembeni wanaume wa ukoo: "Miezi mitatu. Mkamuuguze nyumbani." Mimi, muuguzi mstaafu, sikuitwa. Mgonjwa naye alibaki kwenye benchi na bahasha ya picha mapajani, anawatazama kaka zake wakirudi wameinamisha vichwa.

Hospitali siitaji. Ninachohoji ni hiyo miezi mitatu: ilitoka wapi?

Nimefanya kazi wodi ya wazazi, si ya saratani, lakini kusoma najua. Ugonjwa huu ukishafika mifupani kwa kawaida hauponi, na hilo lisifichwe. Kati ya wagonjwa ambao saratani yao ya figo imesambaa, takriban theluthi moja huwa nayo mifupani, na kwa jumla maisha yao huwa mafupi kuliko ya wenzao ambao mifupa yao ni salama. Hata hivyo hawalingani. Mwenye doa moja tu, lililojitokeza miaka kadhaa baada ya figo kutolewa, anaweza kufanyiwa upasuaji akaishi miaka mingine. Aliyekutwa nayo kwenye figo, mifupa na maini kwa mpigo, hali yake ni nyingine kabisa.

Ili kukadiria mgonjwa ataishi muda gani, mabingwa huangalia mambo sita: mgonjwa anajimudu kiasi gani, kama tiba imebidi ianze kabla ya mwaka kupita tangu agundulike, upungufu wa damu, kalisiamu kupanda, chembe nyeupe aina ya nyutrofili kuzidi, na chembe sahani, zile za kugandisha damu, kuzidi. Kwenye utafiti uliochapishwa mwaka 2013, nusu ya wasiokuwa na dalili mbaya hata moja waliishi zaidi ya miezi 43 hivi. Wenye moja au mbili, 22. Wenye tatu kuendelea, karibu 8. Hao walikuwa wanameza vidonge vinavyouzuia uvimbe kujitengenezea mishipa ya damu, kwa hiyo asiyevipata asihesabiwe kwa namba hizo. Shemeji hakupimwa hata kalisiamu.

Ukoo ukisikia "miezi mitatu" hukurupuka. Nusu ya shamba iliuzwa kwa bei ya kutupa, eti apelekwe India. Safari yenyewe haikuwepo, maana mguu ulivunjika akigeuka kitandani. Alipokuja kuelezwa yote alisema, "Mngeniuliza, ningetaka mguu usivunjike na shamba libaki kwa wanangu." Akaishi zaidi ya mwaka, shamba likiwa la mtu mwingine.

Na mguu ule ulikuwa na dawa. Mfupa ulioliwa hivyo unaweza kuwekewa chuma kabla haujavunjika, ila mpasuaji aambiwe mapema kwamba ni saratani ya figo, maana uvimbe wake hutoa damu nyingi sana. Mionzi ya mara moja hupunguza maumivu ya mfupa sawasawa na ile ya kurudiwa siku nyingi. Mionzi ipo Bugando, Mwanza, na Ocean Road, Dar es Salaam. Ni mbali, lakini kwenda kwa dozi moja si sawa na kupanga chumba mwezi mzima. Morfini ya kunywa ipo pia, ingawa wengine wetu bado tunaiogopa kuliko maumivu yenyewe. Na miguu ikilegea ghafla, au mkojo ukigoma kutoka, ni dharura ya siku hiyohiyo, uti wa mgongo unabanwa.

Ombi langu kwa waganga wakuu wa wilaya zetu: kwenye daftari la mgonjwa iandikwe saratani imefika mifupa ipi, vipimo gani vya damu vimefanyika, na nani atamwandikia morfini. Mazungumzo yafanyike yeye akiwepo, na mkewe. Akisema hataki kujua, iandikwe hivyo, na amtaje wa kumsemea.

Muuguzi mstaafu,
Mwanga, Kigoma