Barua ya wazi kwa NEMC: Ndege wa Chongoleani wahesabiwe kabla meli hazijaanza kupakia

Kwa Mkurugenzi Mkuu,
Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira.

Ndugu Mkurugenzi,

Kichwa cha barua chahusika. Bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, lenye urefu wa kilomita 1,443, linaishia kwetu Tanga, kwenye rasi ya Chongoleani. Ya ajira na fidia yamesemwa mengi, na yaendelee kusemwa. Mimi nawasemea wasioitwa kwenye mkutano wowote wa kijiji: vitwitwi na sululu, ndege wa pwani wahamao.

Wageni hawa hufika kusi likielekea kuisha, wengine wakitokea Siberia. Maji yakipwa utawaona wametapakaa kwenye tope mbele ya mikoko, wakidona minyoo na vijikaa. Ikifika Machi na Aprili hula kupita kiasi, maana safari ya kurudi huendeshwa na shahamu ya mwilini. Asiyenenepa huku hafiki kule, au hufika hana nguvu ya kutaga.

Mafuta ya Hoima yana nta nyingi, ndiyo maana bomba lazima lipashwe moto. Yakimwagika baharini yataganda mabonge. Wapo wanaosema afadhali, mabonge yanaokoteka. Kwenye mchanga mtupu, labda. Katikati ya mizizi ya mikoko atayaokota nani? Tena si lazima ndege achafuke manyoya ndipo afe. Minyoo ikifa inatosha.

Kuna na taa. Wengi wao husafiri usiku, na mwanga mkali huwavuta wakazunguka hadi kuchoka. Taa za gati zielekezwe chini na zikingwe juu, basi.

Ombi langu kubwa ni hesabu. Ndege wahesabiwe kila mwezi, wakati wa bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, na wa maji mafu, yanapojaa na kupwa kidogo, na takwimu zibandikwe ofisi ya kata. Siku mafuta yakimwagika, mwenye bomba atauliza walikuwepo wangapi. Bila karatasi hatuna kesi. Na siombi fadhila: Tanzania ni mwanachama wa mkataba wa kuhifadhi ndege wa maji wahamao kati ya Afrika, Ulaya na Asia.

Hesabu ya kwanza ianze Septemba, wakishuka. Na kazi hiyo wapewe pia vijana wa Chongoleani wanaowajua ndege hawa kwa milio, asiachiwe mshauri wa kutoka mbali peke yake.

Wako,
Mkazi wa Tanga