Baridi yabisi haiishii vidoleni

Mhariri,

Wengi huihesabu baridi yabisi kuwa maradhi ya vidole na magoti ya wazee, ilhali ile inayotokana na kinga ya mwili kuushambulia mwili wenyewe huwapata hata vijana, na ikikaa miaka mingi bila tiba huweza kulegeza kano zinazoshikilia pingili mbili za juu kabisa za shingo, hata neva za uti wa mgongo zikabanwa. Tangu daktari Philip Hench alipojaribu kotisoni, homoni ya kutuliza uvimbe, kwa mgonjwa wa maradhi haya huko Marekani mwaka 1948, utafiti umeleta dawa bora zaidi, mojawapo methotreksati, inayoizuia kinga isiushambulie mwili, ambayo wala si ghali. Kwa nini basi mgonjwa aendelee kupewa vidonge vya maumivu tu? Na mgonjwa wa baridi yabisi anayekwenda kupasuliwa amweleze mapema mtaalamu wa dawa ya usingizi hali ya shingo yake, kwani shingo iliyolegea yaweza kudhurika ikikunjwa akiwa amelazwa usingizi.

Msomaji,
Tanga