Mmweko wa Jua si wingu, wala si moto

Mhariri,

Kila Jua linapochafuka, habari hutuambia kwamba ndimi za moto zinaelekea duniani na simu zitazima. Tunaomba nafasi tutenganishe mambo mawili yanayopikwa chungu kimoja: mmweko, ambao ni mwanga, na wingu la plazima (gesi yenye chaji za umeme) linalorushwa na Jua, ambalo ni maada. Yote mawili nishati yake hutoka kwenye sumaku, hakuna kinachoungua.

Jua halizunguki kama jiwe. Kwenye ikweta yake hukamilisha mzunguko kwa siku 25 hivi, karibu na ncha kama 35. Plazima yake ina chaji za umeme na husafiri pamoja na mistari ya sumaku iliyomo ndani yake. Basi ikweta inapotangulia, mistari hiyo huvutwa na kuzungushiwa Jua mithili ya uzi kwenye pia, ikasongamana mpaka baadhi ya mafungu yakaelea juu na kutoboa uso. Yanapotokea na yanapozama tena ndipo penye madoa meusi ya Jua, mara nyingi kwa jozi, moja likiwa ncha ya kaskazini ya sumaku na jingine ya kusini. George Ellery Hale aligundua sumaku hiyo mwaka 1908. Hufikia gausi (kipimo cha nguvu ya sumaku) 3,000 hivi, ilhali ya Dunia haifiki hata moja. Sumaku kali namna hiyo huzuia joto kupanda kutoka chini, ndiyo maana doa huonekana jeusi: lina nyuzi 3,500 hivi za Selisiasi, na uso unaolizunguka 5,500.

Mmweko huanzia juu ya madoa, kwenye korona, yaani angahewa ya nje ya Jua. Mistari hupinda huko kama matao, na miguu yake imeshikwa na gesi ya usoni ambayo haitulii. Miguu ikisogezwa na kusokotwa kwa saa au siku kadhaa, matao hujaa nishati kama mpira uliopotolewa. Kisha mistari yenye mielekeo inayopingana hubanwa pamoja, ikakatika na kuungana upya katika umbo lililolegea zaidi. Nishati iliyozidi ndiyo mmweko. Elektroni hurushwa chini kwa kasi kubwa, zikagonga gesi iliyo nzito zaidi, nayo ikapanda joto hadi zaidi ya nyuzi milioni 10 na kung'aa kwa eksirei.

Ukubwa wa doa peke yake hautabiri kitu. Doa kubwa lenye sumaku iliyopangika laweza kuvuka uso wa Jua kwa wiki mbili kimya kimya. La kuchungwa ni lile ambalo kaskazini na kusini zimebanana ndani yake.

Herufi zinazotumika kupima nguvu ya mimweko nazo huchanganya. Madaraja ni A, B, C, M na X, kila moja mara 10 ya lililotangulia. X2 ni maradufu ya X1, na X haina kikomo. Tarehe 4 Novemba 2003 vihisi vya setilaiti vililemewa na mmweko vikashindwa kusoma kilele. Makadirio ya baadaye yalikuwa X28 au zaidi.

Eksirei hufika kwa dakika 8 na kidogo, kwa mwendo wa mwanga, hivyo ukiuona mmweko tayari umekupiga. Hugonga upande wa mchana tu. Huko huongeza elektroni kwenye tabaka la chini la ionosfia, yaani sehemu ya juu ya angahewa yenye chaji za umeme, nalo humeza mawimbi ya redio ya masafa mafupi, megahezi 3 hadi 30. Megahezi za chini hufa kwanza na kurudi mwisho, kwa hiyo mwendesha redio huhamia megahezi za juu zaidi au husubiri. Simu ya mkononi haitegemei tabaka hilo. Redio ikinyamaza usiku wa manane, mmweko hauna hatia.

Wingu ndilo hutikisa gridi za umeme, kama katika jimbo la Quebec, Kanada, tarehe 13 Machi 1989, watu milioni 6 walipokosa umeme. Kwa kawaida huchukua siku moja hadi tatu kufika. Lile lililoipiga Dunia mwaka 1859 lilifika kwa saa 17 na nusu hivi. Sumaku yake ikielekea kusini, huungana na ya Dunia kwa njia ileile ya kukatika na kuungana upya. Ikielekea kaskazini, madhara hupungua sana. Mwelekeo huo hupimwa wingu likipita setilaiti zilizo kilomita milioni 1.5 kutoka Dunia, yaani saa moja au chini yake kabla halijafika. Kichwa cha habari kinachotangaza giza siku mbili kabla kimechapishwa kipimo hicho kikiwa bado hakipo.

Wasomaji wenu, wafuatiliaji wa Jua