Pete ya fedha mliyoniuzia ndani yake ni shaba

Wete, Pemba

Kwa Meneja,
Duka la vito na mapambo ya wanaume,
Mji Mkongwe, Unguja

Assalaamu alaykum.

YAH: PETE YENYE MHURI WA 925 ISIYO YA FEDHA

Ndugu Meneja,

Mimi ni mteja wenu niliyefika dukani mwezi mmoja kabla ya safari yangu ya Muscat, nikiwa na jiwe la akiki mfukoni. Jiwe lile ni la marehemu baba yangu. Alilivaa zaidi ya miaka thelathini, katika pete iliyolika upande wa kiganja mpaka ikawa nyembamba kama uzi, na alipofariki likanifikia mimi. Nilitaka litiwe kwenye pete mpya ya fedha niende nalo harusini kwa mpwa wangu, kwa ndugu zetu wa huko waliomjua baba na wanaolijua jiwe lake.

Naanza na hilo kwa sababu nilipopiga simu dukani kwenu kijana wenu aliniuliza, "Ami, kwani pete moja tu ndiyo ugomvi wote huu?" Sikumjibu siku ile. Najibu sasa, kwa maandishi.

Siku niliyokuja nilimweleza aliyeniuzia kila kitu. Nilimwambia sina mazoea ya mapambo mengi, na safarini napunguza zaidi: saa ya mkanda wa ngozi na pete moja, basi. Mkufu sivai, na dhahabu kwa mwanamume wa Kiislamu haina mjadala. Nilitaka kitu nitakachopanda nacho boti Mkoani na kushuka nacho nikirudi, nisiwe nakivua kila saa nikaja kukisahau kwenye trei ya ukaguzi uwanja wa ndege au kando ya bomba la kunawia. Akasema fedha ya 925 ndiyo yenyewe. Akanifafanulia vizuri kwamba katika sehemu elfu moja, 925 ni fedha, na zilizobaki kwa kawaida ni shaba, hutiwa ili pete iwe ngumu, maana fedha tupu ni laini mno. Maneno hayo ni kweli, na ndiyo yaliyonifanya nimwamini. Mtu anayeijua kazi yake hivyo humtegemei akupe kitu kingine. Nikalipa shilingi 240,000, na risiti yenu imeandikwa kwa kalamu: "Pete ya fedha 925, jiwe la mteja."

Kuhusu saizi, nilimwambia inanibana. Akasema ikibana ndiyo salama, haitanitoka nikishika reli ya boti. Ilikuwa asubuhi, mvua imetoka kukatika, vidole vyangu vimenywea kwa baridi. Anayemuuzia pete msafiri lazima ajue kwamba kidole hakikai na unene mmoja. Joto hukivimbisha, na kukaa kwenye kiti cha ndege saa nyingi bila kunyanyuka hukivimbisha pia. Kama hata asubuhi ya baridi inabana, jioni ya Muscat itakuwaje? Pete ya safari hupimwa mchana wa joto, ipite kwenye fundo la kidole kwa kusukumwa kidogo, na ikishafika chini izunguke bila taabu. Haya nimeyajua baadaye, kwa gharama yangu.

Siku ya pili Muscat nilikwenda kutia udhu wa Alasiri. Nikataka kuizungusha pete maji yapite chini yake, kama nilivyofundishwa tangu nikiwa mdogo chuo cha Kurani. Haikuzunguka. Nikakaa pale na mkono umelowa, sina hakika na udhu wangu, ndugu zangu wananisubiri msikitini. Dada yangu akaleta sabuni, kisha mafuta ya nazi, mwisho uzi wa cherehani. Tukakizongomeza kidole kuanzia penye pete mpaka juu ya fundo, tukawa tunaufungua uzi kutokea chini ili uisukume pete juu. Haikupanda hata kidogo. Kufika Magharibi kidole kilikuwa kimebadilika rangi, na ngozi ya pembezoni mwa pete imekuwa kijani.

Usiku ule nilikatwa pete katika zahanati. Nilimwomba muuguzi akate upande wa kiganja ili jiwe lisiguswe, na Mungu ambariki, alifanya taratibu sana. Alipoitanua kwa koleo tuliona sote, mimi, dada yangu na shemeji yangu: nje nyeupe, ndani njano. Shemeji akanyamaza. Mchana wake tu, kwenye sinia la chakula, nilikuwa nimewaonyesha watu wazima wa ukoo ile pete, nimewaambia jiwe la mzee limerudi kwenye fedha. Wengine walilibusu. Hilo, Ndugu Meneja, halimo kwenye bei, na sijui mtalirudishaje.

Sikutaka kumsingizia mtu. Kesho yake nilikwenda soko la Mutrah, ambako fedha imefuliwa na kuuzwa vizazi na vizazi, nikampa sonara mmoja mzee vile vipande. Akapiga tupa kidogo, akadondosha tone la tindikali. Pakatoka povu la kijani. Akaniambia ni shaba na zinki, imechovywa maji ya fedha. Hakunitoza kitu.

Nilipowapigia mliniambia ni jasho langu, eti jasho langu ni kali. Jasho lingeweza kuififisha fedha, na fedha hata ikikaa bure hufanya weusi kwa sababu ya salfa iliyomo hewani. Ukiisugua kwa kitambaa inarudi. Shaba kidogo iliyomo kwenye 925 nayo inaweza kuacha alama kwenye ngozi ya baadhi ya watu. Lakini hakuna jasho linaloingia katikati ya pete likaigeuza fedha kuwa njano. Mlisema pia kwamba niliijaribu kwa sumaku mbele yenu na haikunasa. Ni kweli niliijaribu, na nimejifunza kwamba sumaku inakamata chuma. Shaba haikamatwi, sawa na fedha.

Kama mngeniambia, "Ami, hii ni shaba ya kuchovya, bei yake elfu thelathini," ningechagua mwenyewe. Pengine ningechukua ile ya chuma kisichoshika kutu mliyokuwa nayo kwenye kabati, inayostahimili maji ya chumvi, nikalihifadhi jiwe la baba mpaka nipate fedha ya kweli. Nilichokuja kununua kwenu ni ukweli wa ule mhuri, kwa sababu kwa macho mimi siwezi kutambua.

Kwa hiyo naomba mnirejeshee shilingi 240,000 zote, pamoja na gharama ya zahanati ambayo risiti yake ninayo. Naomba pia pete zote zilizobaki kwenye kabati lile, la mkono wa kushoto ukiingia, zipimwe na sonara asiyekuwa wenu kabla hazijauzwa tena. Siku niliyokuwa hapo vijana wawili walikuwa wakichagua pete za ndoa kwenye trei hiyohiyo, na nimekuwa nikiwafikiria tangu niliporudi. Kama mnayo daftari la wateja, wapigieni.

Nawapa siku kumi na nne. Zikipita bila jibu la maandishi, nitapeleka vipande na risiti Taasisi ya Viwango Zanzibar, nao wanielekeze pa kwenda.

Msinitengenezee nyingine. Jiwe lipo nyumbani, nimelifunga kwenye kitambaa. Vipande vya pete nitakuja navyo mwenyewe mtakaponiita, mvione kwa macho yenu pale palipokatwa, na nitaondoka navyo.

Wassalaam,

Mteja wenu,
Wete