Habari ya betri mmetaja jina moja tu, wengine je?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo niseme jambo ambalo limenikaa moyoni tangu nisome ile habari yenu ya utafiti wa betri. Mimi ni fundi wa maabara kwenye kundi la kemia ya materiali chuo kikuu, yaani sisi ndo tunatengeneza zile poda zinazoingia ndani ya betri na kuzipima kama zinafaa. Sasa mmeweka picha ya Profesa kasimama pembeni ya tanuru na kichwa cha habari kinasema Profesa kagundua, basi, habari nzima jina moja. Na mahojiano nilikuwepo, nilimsikia kwa masikio yangu akiwataja wenzake wote mmoja mmoja, tena akarudia majina polepole ili mwandishi aandike. Kwa hiyo simlaumu Profesa hata kidogo, yeye ndo kaleta wazo na kahangaika kutafuta hela, bila yeye hamna kundi. Ila majina yamekatwa huko kwenu.

Hiyo poda kaitengeneza dada mmoja anayesoma PhD. Kapima chumvi zake kwenye mizani, kasaga kwa kinu na mchi mpaka mkono unauma, kakandamiza vidonge, kaweka kwenye tanuru nyuzi 900 usiku kucha, asubuhi katoa, kapiga eksirei kaona sio yenyewe. Karudia tena sio yenyewe. Miezi inaenda hivyo, mpaka alipong'amua kuwa lithiamu, ile metali nyepesi iliyomo kwenye poda, inamkimbia kwa joto, inatoka kama mvuke, akaanza kuongeza kidogo ya ziada mwanzoni ili ikipungua ibaki inayotakiwa. Ni jambo linalojulikana kwenye fani yetu, lakini kiasi gani uongeze kwa tanuru lako na kwa poda yako hamna kitabu kitakachokuambia, ni kurudia tu na kuandika kila kitu kwenye daftari.

Halafu kuna kijana wa masta ambaye ndo anaunda betri zenyewe, zile ndogo kama kifungo cha shati. Anafanyia ndani ya sanduku lililojaa gesi ya argoni, mikono imeingia kwenye glavu nene za mpira, maana lithiamu ikikutana na unyevu wa hewa imeharibika, na kazi ya kushika kikaratasi chembamba kwa kibanio ukiwa na glavu zile jaribu siku moja uone. Akishamaliza betri inawekwa kwenye mashine inajazwa inamalizwa, inajazwa inamalizwa, ukiifanya polepole saa 10 kujaza na saa 10 kumaliza basi mizunguko 100 ni karibu miezi mitatu, na umeme ukikatika katikati data imeharibika unaanza upya. Yupo pia mtafiti wa mkataba, alishamaliza PhD zamani, ndo anasoma zile grafu za eksirei na kusema atomu zimekaa vipi. Mimi nashughulika na pampu, mitungi ya gesi, na kuhakikisha hakuna anayeungua.

Mtasema ndivyo dunia ilivyo. Ni kweli, hata kwenye mambo makubwa imekuwa hivyo, chukua hiyo hiyo betri ya lithiamu iliyopo kwenye simu yako Mhariri. Tuzo ya Nobel ya kemia ya mwaka 2019 walipewa John Goodenough, Stanley Whittingham na Akira Yoshino, na walistahili kabisa. Lakini ukifungua ile karatasi ya utafiti ya 1980 kutoka Oxford, ya lithiamu kobalti oksaidi, yaani poda ya ndani ya betri hiyo, jina la kwanza ni la Koichi Mizushima, halafu Jones, halafu Wiseman, Goodenough ndo wa mwisho. Au ile molekuli ya atomu 60 za kaboni yenye umbo la mpira, 1985, waliokuwa wanaendesha mashine ni wanafunzi, James Heath na Sean O'Brien, na majina yao yapo kwenye karatasi, ila Nobel ya 1996 ilienda kwa wakubwa watatu. Nobel ina sheria yake, haigawanywi kwa zaidi ya watu watatu. Gazeti halina sheria hiyo! Mistari miwili tu ingetosha kuweka majina yote manne.

Na waandishi wenu niwape kitu kidogo kitakachowasaidia. Kwenye karatasi za kemia mara nyingi jina la kwanza ni la yule aliyefanya kazi kwa mikono, na la mwisho ni la kiongozi wa kundi. Kwa hiyo ukitaka kujua nini kilitokea kweli, jaribio lilifeli mara ngapi, rangi ya poda ilikuwaje, muulize wa kwanza. Utapata habari nzuri zaidi kuliko hiyo mliyoandika, nawaambia ukweli.

Wengine wanaona nalilia sifa. Hapana jamani. Profesa ana kazi yake ya kudumu, yule mtafiti mkataba wake unaisha na anaomba kazi kila mahali, na kijana wa masta anatafuta ufadhili wa kuendelea na PhD, hawa ndo watu ambao kipande cha gazeti chenye jina lao kinaweza kuwafungulia mlango. Huyo dada alinunua nakala mbili, moja ampelekee mama yake. Akaipekua mbele yangu, akaisoma mara ya pili, akaikunja akaiweka kwenye begi hakusema kitu, akarudi kusaga poda.

Naomba mrekebishe, hata kwa kona ndogo. Profesa yuko tayari kuwatumia majina upya na anajua naandika hii barua. Na mkiamua kutuma mwandishi tena basi aje asubuhi saa mbili, ndo muda dada anafungua tanuru, aone mwenyewe poda inavyotoka.

Wenu,
Fundi wa maabara