Sufuria za chama ni zetu sote

Ndugu Mhariri,

Wiki mbili zilizopita mlichapisha barua ya msomaji aliyeshauri kwamba vyama vya kufa na kuzikana hapa Dar es Salaam vigawanywe, Waislamu kwao na Wakristo kwao. Haikupita siku nne, kijana mmoja wa mtaani kwetu akasimama kwenye kikao chetu na gazeti hilo mkononi, akataka tupige kura. Ndiyo maana naandika.

Mimi ni mweka hazina wa chama cha kuzikana hapa Ilala, mwaka wa kumi na moja sasa. Ni Mkatoliki, nasali Msimbazi, kwetu Tabora. Chama chetu kina nyumba 38. Nyingi ni zile za Kiswahili, korido katikati, vyumba vitatu huku na vitatu huku, jiko na choo uani. Ninapopanga mimi, chumba cha mbele yupo fundi cherehani Mzaramo. Anayefuata ni Mluguru, Mkatoliki mwenzangu. Mlango unaotazamana na wangu ni wa Mmanyema ambaye babu yake alitokea Kongo, na Ijumaa huenda kuswali Msikiti wa Manyema, Kariakoo. Huko uani wapo vijana wawili walokole wanaokesha kwa sauti kubwa kuliko Mungu anavyohitaji. Hata Serikali haituhesabu kwa dini. Sensa ya 1967 ndiyo ya mwisho kuuliza. Hii ya 2022, iliyotukuta watu 5,383,728 katika mkoa huu, karani alikaa kwangu karibu saa nzima akauliza mpaka habari za choo, lakini dini hakuigusa.

Kijana wetu alianza na hela. Alisema Muislamu akifa asubuhi, alasiri kashazikwa, gharama ni sanda, mbao za mwanandani na mchimba kaburi. Mkristo analazwa mochwari siku tatu, anatafutiwa jeneza, kisha gari la kwenda mkoani. Kwa hiyo, akasema, Waislamu wanawabeba Wakristo.

Nilimfungulia daftari. Kila nyumba hutoa Sh3,000 kwa mwezi. Msiba ukitokea, chama hutoa Sh300,000, turubai, viti na vyombo, awe wa sanda au wa jeneza. Gari ni la familia. Na kama ni kuhesabiana, sufuria hutoka mara nyingi zaidi kwa Waislamu, maana kuna tanga, kuna khitma, kuna arobaini. Sijawahi kumsikia Mkristo akinung'unika, na mchinjaji wetu tangu zamani ni Muislamu ili kila mtu ale bila wasiwasi.

Alipoona hela zimemshinda, akaja kwenye sufuria. Hapo alinipata, maana kosa lile lilikuwa langu.

Mwaka juzi nilimwazima binamu yangu sufuria mbili kubwa za chama kwa sherehe ya komunio ya kwanza ya mwanawe. Sikuuliza watapika nini. Kumbe ni kitimoto, nyama ya nguruwe. Sufuria zilirudi zimesuguliwa zinang'aa, nikazipanga stoo kama kawaida. Habari ilifika mtaani kabla ya magharibi, na kesho yake alfajiri bibi mmoja wa nyumba ya tisa akafariki. Muislamu. Sufuria nyingine hatuna.

Nilikwenda kwa mwalimu wa madrasa nikiwa nimejifunga kanga mpaka usoni kwa aibu. Nilidhani ataniambia tununue mpya. Akasema, "Mama Pacha, kuna udongo safi? Lete na ndoo tatu za maji." Akakunja mikono ya kanzu, akachuchumaa pale uani. Najisi ile kwa Washafii, alinieleza, huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Alisugua mwenyewe, udongo mwekundu ukimpanda mpaka kwenye viwiko, mimi namwagia maji kwa kopo na kuhesabu. Kwenye sufuria ya pili nikapotea. Nikasema tumefika saba, halafu nikasema labda sita. Akacheka. "Ukiwa na shaka shika idadi ndogo," akasema, tukaongeza moja.

Wali wa tanga ulipikwa humo. Mama wawili hawakula, walikuja na chakula chao kutoka nyumbani, sikuwalaumu wala sitawalaumu. Tangu siku hiyo imeandikwa ukurasa wa kwanza wa daftari: sufuria za chama hazitoki kwa sherehe, iwe ya nani. Shida ile iliisha kwa ndoo tatu za maji. Kijana wetu anaieleza kama vile tulishikana mashati.

Sisemi hatuna kero. Kuna siku mchungaji mmoja aligeuza turubai la msiba wa Kiislamu kuwa mkutano wa injili, tukamtoa kwa adabu lakini tulimtoa. Kanuni yetu ni kwamba dini ya msiba ni ya aliyefiwa, wengine tunakaa kimya au tunamenya vitunguu.

Kuna jambo jingine ambalo mwandishi wa barua ile hakulifikiria. Mume wangu alipofariki mwaka 2019, tulimsafirisha Tabora. Gari limeshawashwa, Wazaramo wa mtaani wakalala chini mbele ya matairi, yule fundi cherehani akiwa wa kwanza. Hatoki Mnyamwezi, wakapiga kelele, mpaka alipe ushuru wa mchanga wetu aliokanyaga miaka yote hii! Mmoja alikuwa amevaa suruali ya marehemu, sijui aliipata wapi. Nilicheka. Nilikuwa sijacheka tangu hospitali waliponipigia simu. Ndio watani wangu hao, na wote ni Waislamu. Mkinitia kwenye chama cha Wakristo watupu nitabaki na Wachagga, ambao ni watu wazuri na wanalipa ada mapema, lakini msiba wangu hawawezi kuutania.

Kura ni Jumapili hii saa kumi alasiri, palepale uani kwa fundi cherehani. Mimi nitapiga ya hapana na daftari nitakuja nalo, anayetaka kukagua akague. Na huyo kijana mwenye gazeti aje na vile viti 12 alivyoazima mwezi wa nane.

Mweka hazina,
Ilala, Dar es Salaam